Mkajuni nani, Mkrioli nani? Louisiana kwa sufuria, akordiani na Mardi Gras

Mtalii anayefika New Orleans, jiji la jimbo la Louisiana kusini mwa Marekani, kwa mara ya kwanza hupewa kanuni fupi kabla hajatua begi. Gumbo, mchuzi wa huko, ikiwa na nyanya ni ya Wakrioli, isiyo na nyanya ni ya Wakajuni. Wakrioli ni watu wa mjini, Wakajuni ni wa mashambani. Wakrioli ni Weusi au machotara, Wakajuni ni Wazungu. Kanuni hiyo inakaririka upesi, na kwa kazi ya kuchagua chakula kwenye menyu inatosha. Nje ya hapo haifiki mbali.

Clifton Chenier, aliyeitwa mfalme wa zaideko, muziki wa dansi wa akordiani, alikuwa Mkrioli Mweusi, lakini alizaliwa mashambani karibu na Opelousas mwaka 1925, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kutoka New Orleans. Dennis McGee, mmoja wa wapiga fidla wanaoheshimiwa kuliko wote katika muziki wa Kikajuni, alikuwa na jina la Kiayalandi na akizungumza Kifaransa. Ukoo wa Fontenot, uliojaa katika nyanda za kusini-magharibi ambako kila mtu huitwa Mkajuni, unatokana na askari wa Ufaransa, wala si na wakimbizi wa Acadia, ambao ndio waliozaa jina hilo la Mkajuni. Anayetaka kuuelewa mkanganyiko huu aweke kando rangi na nyanya kwa muda, aanze na nani alifika lini, na kwa nini.

Waliofukuzwa na waliobebwa

Acadia lilikuwa koloni la Ufaransa mashariki mwa Kanada, eneo ambalo leo ni Nova Scotia na majirani zake. Wakulima wa Kifaransa walianza kukaa huko mwanzoni mwa karne ya 17, wakajenga matuta ya kuzuia maji ya bahari na kulima ardhi iliyokauka nyuma yake. Mwaka 1713 Uingereza iliitwaa Acadia. Kwa miaka 40 na ushei Waakadia waliishi chini ya mfalme mgeni huku wakikataa kumwapia utii usio na masharti, kwa kuhofia kulazimishwa kupigana na Wafaransa wenzao. Mwaka 1755 jeshi likaanza kuwakusanya, kuchoma nyumba na kuwapakia melini. Kufikia 1763 zaidi ya watu 10,000 walikuwa wameng'olewa kwao, na maelfu walikufa kwa maradhi na kwa kuzama.

Hapa ndipo wengi huteleza. Waingereza hawakuwapeleka Louisiana. Waliwatawanya katika makoloni yao ya pwani ya Amerika, na wengine wakaishia Uingereza na Ufaransa. Louisiana walijiendea wenyewe baadaye, mafungu kwa mafungu. Wa kwanza walifika 1764. Mwaka uliofuata kundi la watu kama 200 liliongozwa na Joseph Broussard, aliyejulikana kwa jina la Beausoleil, mtu aliyekuwa amepigana na Waingereza kwa mbinu za msituni. Mwaka 1785 meli saba zilileta wengine karibu 1,600 kutoka Ufaransa, nauli ikilipwa na mfalme wa Hispania, kwa kuwa wakati huo Louisiana ilikuwa ya Wahispania waliohitaji wakulima Wakatoliki. Walipewa ardhi kando ya Mto Mississippi na kando ya Bayou Lafourche na Bayou Teche, mikono ya maji inayotambaa polepole kati ya vinamasi.

Walikuta watu. Wachitimacha, Wahouma na Wachoctaw walikuwepo tangu zamani. Walikuwepo Wafaransa wa New Orleans, mji ulioanzishwa 1718, na Wajerumani waliowekwa juu kidogo ya mto katika miaka ya 1720. Na walikuwepo Waafrika. Meli mbili za kwanza za watumwa, Aurore na Duc du Maine, zilitia nanga 1719, na manahodha wake walikuwa wameagizwa wanunue watu wanaojua kulima mpunga pamoja na mapipa ya mpunga wa mbegu. Kabla ya kuwa na mapishi ya kujivunia, koloni lile lilikuwa na njaa, na kazi ya kuiondoa njaa walibebeshwa watu waliotekwa. Wengi wa waliofika enzi ya Ufaransa walitoka Senegambia. Enzi ya Hispania na baada yake waliongezeka watu wa Kongo na Angola.

Katika mazingira hayo, Mkrioli alikuwa yeyote au chochote kilichozaliwa koloni badala ya kuletwa. Mtoto wa afisa wa Kifaransa aliyezaliwa New Orleans alikuwa Mkrioli, na mtoto wa mtumwa wa Senegambia aliyezaliwa jirani yake alikuwa Mkrioli vilevile. Hata farasi na nyanya za huko ziliitwa za Krioli. Msomaji anayewajua Wakrioli wa Shelisheli, ambao wengi wana mababu waliochukuliwa pwani yetu, asishangae: huko nako jina linahusu kuzaliwa kisiwani kuliko rangi.

Kisha kukawa na tabaka la tatu lililoitofautisha Louisiana na majimbo mengi ya kusini mwa Marekani: Weusi na machotara waliokuwa huru. Sheria ya Hispania iliwaruhusu watumwa kujinunua, na walioachiwa wakawa mafundi, wafanyabiashara, wenye nyumba, na baadhi yao wenye watumwa. Mwaka 1809 na 1810 likaja wimbi jingine: zaidi ya watu 9,000 waliokuwa wamekimbilia Cuba kutokana na mapinduzi ya Haiti walifukuzwa huko na kuingia New Orleans. Takriban theluthi yao walikuwa Wazungu, theluthi Weusi huru, theluthi watumwa. Mji ulikaribia kujaa maradufu kwa mpigo mmoja, na ladha ya Karibi ikaongezeka katika dini, vyakula na ngoma zake.

Marekani ilikuwa imeinunua Louisiana mwaka 1803 kwa dola milioni 15. Wageni waliokuja nyuma ya mkataba ule walikuwa Waprotestanti wanaosema Kiingereza, na mbele yao wenyeji wote wa Kifaransa na Kikatoliki, Weupe kwa Weusi, walionekana kundi moja: Wakrioli. Waakadia walihesabiwa humohumo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 Muakadia aliyepata mali na mashamba ya miwa alijiita Mkrioli bila kuona haya, na jina la Mkajuni akaachiwa ndugu yake maskini. Lilikuwa jina la tabaka, na lilitamkwa kwa dharau.

Jinsi majina yalivyogawanywa

Mpaka wa rangi tunaosimuliwa leo uliwekwa baadaye. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, Wazungu wa New Orleans waliogopa kudhaniwa machotara, wakaanza kusisitiza kwamba Mkrioli halisi ni Mzungu tupu. Machotara na Weusi walikataa kunyang'anywa jina. Mkrioli mmoja wa New Orleans, Homer Plessy, alipanda behewa la Wazungu mwaka 1892 kwa makusudi, kwa mpango wa kamati ya raia wenzake, ili sheria ya ubaguzi wa treni ipelekwe mahakamani. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu dhidi yake, na ubaguzi ukapata muhuri wa nchi nzima kwa zaidi ya nusu karne. Tabaka la tatu likasukumwa kwa nguvu katika tabaka la pili, la Weusi.

Mashambani tatizo lilikuwa lugha. Katiba ya jimbo ya mwaka 1921 ilifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kufundishia, na watoto waliokamatwa wakisema Kifaransa walichapwa au kuandikishwa mistari ya toba ubaoni. Kizazi kilichopitia fedheha hiyo kiliamua kutowafundisha watoto wake. Ilipofika miaka ya 1960 lugha ilikuwa inazimika, na viongozi waliposhtuka walianzisha, mwaka 1968, chombo cha jimbo cha kuendeleza Kifaransa, CODOFIL. Hapo jina la Kikajuni likaokotwa kutoka jalalani na kung'arishwa. Mwaka 1971 bunge la jimbo lilizitambua wilaya 22, ambazo Louisiana huziita parokia, kuwa eneo la Acadiana. Timu za chuo kikuu cha Lafayette zikaitwa Ragin' Cajuns, ukumbi mkubwa ukaitwa Cajundome.

Lilikuwa jambo jema kwa waliodharauliwa, lakini lilikuwa na bei yake. Weupe wote waliosema Kifaransa, awe mjukuu wa Muakadia, wa Mjerumani au wa askari wa mfalme Louis, wakawa Wakajuni. Jirani zao Weusi waliosema Kifaransa kilekile, wakala chakula kilekile na kusali kanisa lilelile kwenye mabenchi ya nyuma, wakabaki na jina la Wakrioli, huku eneo lao likiitwa kwa jina ambalo halikuwahesabu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha mkanganyiko wote. Waligawana kwa rangi wakati wa kugawana sifa, baada ya kuwa wamepika pamoja kwa miaka 200.

Ndani ya sufuria

Gumbo inalionyesha hilo kuliko hotuba yoyote. Ni mchuzi mzito unaomiminwa juu ya wali. Jina lake, kwa wanazuoni wengi, linatokana na lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako ndilo jina la bamia. Uzito wa mchuzi hutoka katika mambo matatu, na kila moja lina wenyewe. Bamia ni ya Waafrika. Unga wa majani makavu ya mti wa msasafra, uitwao filé, ni wa Wachoctaw. Ruu, unga wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta, ni ya Wafaransa, ingawa Mfaransa wa Paris angeitupa ruu ya Louisiana akidhani imeungua.

Ruu hiyo hukorogwa taratibu juu ya moto, bila kuachwa hata dakika, mpaka unga ugeuke kahawia ya chokoleti. Kadiri inavyokolea ndivyo inavyopoteza nguvu ya kuufanya mchuzi uwe mzito na kupata ladha ya kina zaidi, kwa hiyo mpishi anayetaka giza lazima aongeze unga au atafute kizito kingine. Bamia hutumika msimu wake. Wakati wa baridi, bamia zikiadimika, filé huchukua nafasi, na hutiwa sufuria ikiwa imeshaepuliwa, kwani ikichemka huvutika kama uzi. Chini ya yote hayo kuna kitunguu, seleri na pilipili hoho, ambavyo wapishi wa huko huviita utatu mtakatifu. Sijasikia padre aliyelalamika.

Sasa nyanya. Ni kweli mapishi ya New Orleans huzitumia zaidi: mji wa bandari ulikuwa na soko, siagi, kamba, kaa na mikono ya wapishi Weusi waliofanya kazi katika nyumba za matajiri. Mashambani gumbo ya kuku na soseji ya moshi hupikwa nyeusi bila nyanya. Jambalaya, wali unaopikwa pamoja na nyama, hufuata mkondo huohuo: ya mjini ni nyekundu, ya mashambani ni ya kahawia, kwa kuwa rangi yake hutoka kwenye nyama iliyokaangwa mpaka ikashika chini ya chungu. Lakini tofauti hii ni ya mji na shamba, si ya damu. Mkrioli Mweusi wa Opelousas hupika gumbo nyeusi isiyo na nyanya sawasawa na jirani yake Mkajuni.

Maisha ya shamba ndiyo yaliyotoa boucherie, siku ya kuchinja nguruwe kwa ushirika enzi za kabla ya friji. Familia kadhaa zilipokezana wiki kwa wiki, kila nyumba ikapata nyama mbichi, na hakikutupwa kitu: ngozi ilikaangwa, damu na maini vikaingia kwenye soseji ya boudin pamoja na wali. Kamba wa maji baridi, ambaye leo ndiye nembo ya jimbo, alikuwa chakula cha maskini. Bunge la jimbo liliupa mji wa Breaux Bridge heshima ya kuwa makao makuu ya kamba hao mwaka 1959, tamasha lake likaanza mwaka uliofuata, na wakulima wakajifunza kupokezana: mpunga ukishavunwa, jaruba hujazwa maji tena, na kamba huishi kwa mabua yanayooza. Shamba moja hutoa wali na kitoweo.

Kuna kitu kimoja ambacho mtu wa pwani yetu angekila bila kuuliza. Wanawake Weusi wa New Orleans, watumwa kwa walio huru, walitembea mitaani asubuhi wakinadi calas, maandazi ya wali uliovurugwa na kuchachushwa kisha kukaangwa, binamu wa vitumbua kwa sura na kwa saa ya kuliwa. Wapo walioweka akiba ya mauzo hayo na kununua uhuru wao.

Majina mawili yaliyoutangaza upishi huu nayo yanafundisha. Leah Chase, Mkrioli Mweusi aliyefariki 2019 akiwa na miaka 96, aligeuza mgahawa wa Dooky Chase's kuwa mahali ambapo wapigania haki za raia, Weusi na Weupe, walikaa meza moja wakati sheria ilikataza. Kila Alhamisi Kuu alipika gumbo ya mboga za majani. Paul Prudhomme, mzaliwa wa upande wa Opelousas, alifungua mgahawa wake New Orleans mwaka 1979 na kuibua samaki aliyepakwa viungo na kubabuliwa kwenye kikaango cha chuma chenye moto mkali. Mtindo huo ulienea Marekani nzima kiasi kwamba ilibidi uvuvi wa kibiashara wa samaki huyo udhibitiwe. Watu wengi walio nje ya Louisiana wanaosema "chakula cha Kikajuni" wana maana ya pilipili kali na samaki mweusi, yaani Prudhomme wa miaka ya 1980, jambo ambalo bibi wa Kikajuni wa miaka ya 1930 asingelitambua.

Fidla, akordiani na bati

Muziki ulianza pamoja na ukatenganishwa. Fidla ililetwa na Wafaransa na Waakadia, akordiani ndogo ya vitufe ilitoka kwa Wajerumani, pembetatu ya chuma iligongwa kushika mapigo. Weusi walileta mpishano wa mapigo, bluzi, na kuimba kwa makofi na miguu nyakati za Kwaresima, ala zilipokatazwa. Santuri ya kwanza ya muziki wa Kikajuni ilirekodiwa 1928 na Joe Falcon na Cléoma Breaux. Mwaka 1929 wakaingia studio watu wawili ambao kisheria hawakuruhusiwa hata kukaa pamoja kwenye treni: Dennis McGee kwenye fidla, Mzungu, na Amédé Ardoin kwenye akordiani, Mkrioli Mweusi mwenye sauti ya kulia. Nyimbo walizoziacha hadi 1934 ni msingi wa muziki wa Kikajuni na wa zaideko kwa wakati mmoja.

Mwisho wa Ardoin unasimuliwa kwa njia zaidi ya moja. Simulizi iliyoenea ni kwamba akipiga muziki kwenye dansi la Wazungu alipewa leso na mwanamke wa Kizungu ajifute jasho, na usiku huo wanaume wakamngoja njiani wakampiga mpaka akaharibika akili. Alifia hospitali ya wagonjwa wa akili huko Pineville mwaka 1942.

Baada ya vita vya pili vya dunia kumbi ziliendelea kutengwa na redio ikamaliza kazi. Vijana wa Kizungu walisikiliza muziki wa kantri wakaingiza gitaa la chuma. Vijana Weusi walisikiliza ridhimu na bluzi. Clifton Chenier alichukua akordiani kubwa ya piano, akambunia kaka yake Cleveland bati lenye mabonde linalovaliwa kifuani na kukwaruzwa kwa vifungulio vya chupa, akapiga bluzi kwa Kifaransa. Jina la zaideko husemekana lilitoka katika msemo wa Kifaransa kuhusu maharage yasiyotiwa chumvi, msemo wa dhiki: nyama ya chumvi ya kukolezea haikuwepo.

Upande wa Wakajuni, mabadiliko yalikuja 1964, Dewey Balfa na wenzake wawili walipoalikwa tamasha la muziki wa asili la Newport, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Gazeti la nyumbani lilikuwa limedhihaki wazo lenyewe, likiona aibu. Maelfu ya watu waliwapigia makofi wasitake washuke jukwaani, na Balfa akarudi na kazi ya maisha. Mwaka 1974 lilifanyika tamasha kubwa la kuuenzi muziki huo Lafayette, likakua kuwa Festivals Acadiens, na baadaye sana neno la Créoles likaongezwa kwenye jina lake.

Mardi Gras mbili, na zaidi

Mardi Gras ni Jumanne ya kabla ya Jumatano ya Majivu. Picha iliyozoeleka, magari yaliyopambwa na shanga za plastiki zikirushwa, ni ya New Orleans, na haikuanzishwa na Wakrioli. Kundi la Comus, lililoandaa gwaride la kwanza la aina hiyo mwaka 1857, lilikuwa la wafanyabiashara wanaosema Kiingereza. Makundi kama hayo yaliwafungia nje Weusi kwa zaidi ya karne, na halmashauri ya jiji ilipopitisha sheria dhidi ya ubaguzi mwaka 1992, Comus iliacha gwaride kuliko kutii.

Weusi waliitengeneza Mardi Gras yao. Mwaka 1909 mfalme wa kwanza wa kundi la Zulu alitembea akiwa na taji la kopo la mafuta na fimbo ya mgomba, dhihaka ya wazi kwa wafalme wa Mardi Gras wa Kizungu wa mtaa wa pili. Louis Armstrong alikuwa mfalme wao 1949. Hadi leo hugawa nazi zilizopambwa, na hadi leo hujipaka masizi na rangi nyeupe usoni. Mwafrika anayeiona mara ya kwanza hukunja uso, na wapo Wamarekani Weusi wanaokunja naye.

Kina zaidi kipo kwa makabila ya Wahindi Wekundu wa Mardi Gras, ambao ni Weusi wa mitaa ya New Orleans. Kila mwaka hushona vazi jipya la manyoya na shanga kwa sindano, shanga moja moja, huku wakiimba na kupiga matari. Wengine husema wanawaenzi wenyeji waliowaficha watumwa watoro, wengine huona pia alama za maonyesho ya Buffalo Bill, ya kuigiza maisha ya magharibi mwa Marekani, yaliyopiga kambi mjini 1884. Allison Montana, chifu aliyewahimiza wenzake washindane kwa ushonaji badala ya visu, alianguka na kufa mwaka 2005 akiwa ndani ya ukumbi wa halmashauri ya jiji, akilalamikia jinsi polisi walivyowatendea.

Mashambani, Mamou na Eunice, hakuna shanga za plastiki. Watu waliovaa vinyago na kofia ndefu zilizochongoka hupita nyumba hadi nyumba juu ya farasi wakiomba viungo vya gumbo. Kapteni peke yake huwa hana kinyago. Huinua bendera nyeupe kumwomba mwenye nyumba ruhusa na hushika mjeledi wa kuwatia adabu walevi wake. Mwenye nyumba hurusha kuku hewani, na kundi zima humkimbiza matopeni. Wakrioli Weusi wana mbio zao pia. Jioni sufuria moja hulisha kijiji.

Katika parokia ya St. Martin, karibu na Breaux Bridge, bado wapo Wazungu wazee ambao lugha yao ya nyumbani ni Kikrioli cha Louisiana, Kouri-Vini, kilichoanzia mashamba ya watumwa katika karne ya 18. Ukiwauliza wao ni nani, watakujibu kwa lugha hiyohiyo kwamba ni Wakajuni.